KLORI: GESI INAYOVUNJA MAWE NA KUUNGUZA MAPAFU



Mama mmoja wa hapa Kasuku aliletwa kwangu akikohoa bila kupumzika, macho yakitoa machozi, kifua kimebana. Alikuwa anasafisha choo, mlango umefungwa. Alimwaga Javel, akaona uchafu hautoki, akaongeza asidi ya betri ya mume wake. Hewa kali ikamrukia, akaanguka mlangoni. Namshukuru Mungu alipona. Lakini mume wake, mchimbaji wa miaka mingi, aliniuliza: «Munganga, Javel tunainunua sokoni kila siku. Inawezaje kumwangusha mtu?»

Jibu tutalipata katika kazi ya madini yenyewe.

Kazi ya klori kiwandani

Ninyi mnajua kasiteriti. Ndani yake bati limefungwa na oksijeni. Tukiichoma pamoja na makala, makala huchukua oksijeni, na bati hutoka. Lakini kuna madini yenye kichwa kigumu zaidi, yanayoitwa udongo adimu, kama lantani na seri. Hupatikana katika monaziti, mchanga mzito ambao mara nyingine hufuatana na kasiteriti mtoni. Hupatikana pia Gakara, nchini Burundi, ambako uchimbaji ulianza tena mwaka 2017, na serikali ikausimamisha mwaka 2021.

Oksidi za madini haya hazitoi chuma safi kwa makala peke yake. Klori peke yake nayo haimalizi kazi: ukiipitisha juu ya oksidi ya lantani yenye moto mkali, inaingia nusu, na oksijeni nyingine inabaki palepale. Lakini vikiwa pamoja, makala hung'oa oksijeni, na klori hukaa mahali pake mara moja. Ni kama watu wawili wanaobadilisha nguzo ya nyumba: mmoja anatoa ya zamani, mwenzake anasimamisha mpya.

Huko Essen, Ujerumani, kiwanda cha Goldschmidt kilifanya kazi hiyo kwa moto wa digrii 1000 hadi 1200. Kloridi ya lantani huyeyuka kwenye digrii 858, kwa hiyo hutiririka chini kama maji. Kloridi ya chuma cha kawaida hupanda juu kama mvuke, na hivyo hutengana. Kisha umeme hupitishwa katika kloridi iliyoyeyuka, na chuma cha udongo adimu hupatikana. Kikichanganywa na chuma cha kawaida, kinatoa jiwe dogo la brike yako, lile linalotoa cheche. Auer von Welsbach wa Austria ndiye aliyelivumbua, mwaka 1903.

Hatari zake

Kwanza, makala yakichukua oksijeni hutoa oksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina harufu, na ndiyo inayoua watu wanaolala na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa.

Pili, kloridi hizo zikiwa na moto hazipatani na maji. Unyevu ukiingia, hutoka mvuke wa asidi. Klori yenyewe pia ikikutana na maji huzaa asidi. Sasa fikiri: pua, koo na mapafu yako ni vitu vyenye maji daima. Klori haihitaji tanuru ili ikuunguze.

Katika Javel klori imefungwa. Asidi huifungua, hata bila moto. Ndiyo iliyompata yule mama.

Tatu, klori ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili na nusu. Hushuka na kulala mashimoni. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, askari waliojificha katika mahandaki waliona wingu la kijani na manjano likiwafuata hukohuko chini.

Shika haya:

1. Usichanganye kamwe Javel na asidi, siki, amonia au dawa nyingine ya choo. Tumia moja tu, mlango ukiwa wazi.

2. Usiweke Javel wala asidi katika chupa ya kinywaji. Watoto hawajui kuchagua.

3. Ukisikia harufu ya klori, toka mara moja. Nenda upande upepo unakotoka, na upande mahali pa juu. Usiingie shimoni kumfuata mwenzako bila kifaa cha kupumulia. Kitambaa au maski ya vumbi havizuii gesi.

4. Aliyeivuta mpeleke penye hewa safi, mketishe, mvue nguo zenye harufu. Macho yakiwasha, yaoshe kwa maji safi dakika 15.

5. Usimpe maziwa ukidhani ni dawa. Maziwa huenda tumboni, gesi iko mapafuni.

6. Mlete kwa munganga hata akisema amepata nafuu. Mapafu yanaweza kuvimba baada ya saa nyingi, usiku, wakati wote wamelala.

Yule mchimbaji alirudi nyumbani akaitoa asidi ya betri, akaifungia mbali na choo. Na wewe, msomaji, leo jioni angalia: kwako chupa hizo mbili zinakaa wapi?