Watu Wako na Afya Yako: Maswali kutoka Tchomia, Ituri

Dokta, ni kweli mtu asiye na watu huugua zaidi?

Kweli kabisa. Mwaka 2010 mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake walijumlisha tafiti 148 zilizohusu watu 308,849. Wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai, kwa asilimia 50. Upweke huvuruga usingizi na kupandisha presha. Lakini huku kwetu kuna sababu iliyo wazi zaidi: ukilazwa, nani atakupikia? Nani atakukumbusha vidonge vya kifua kikuu kwa miezi 6?

Lakini si kukutana na watu kulikotuletea Ebola?

Ndiyo, na naomba nieleweke vizuri hapa. Ebola ilithibitishwa Tchomia Septemba 2018, ikiwa imeletwa na msafiri kutoka upande wa Beni. Ugonjwa huu huwapata wanaopenda: anayemuuguza mama yake, anayemwosha marehemu. Ila chanjo nayo ilipita njia hiyohiyo. Mgonjwa aliulizwa amekutana na nani. Wakachanjwa hao, kisha na waliokutana na hao, na waliokutana na mgonjwa wakafuatiliwa siku 21. Aliyeficha majina ya jamaa zake kwa hofu aliwanyima kinga. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamekufa Ituri na Kivu. Hatukuushinda kwa kukimbiana.

Marafiki wa kunywa nao pombe kila jioni?

Hao wanakupunguzia siku, Baba. Tabia huambukizwa pia.

Vita vimetutawanya. Ndugu zangu wako Uganda. Nifanye nini?

Mwaka 2018 maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi hadi Hoima, na kipindupindu kikawakuta hata huko. Waliobaki nao wana jeraha lao, hasa wazee na wajane. Pigia simu ndugu zako, Mama, lakini simu haileti maji wala uji. Tafuta watu wa karibu: kanisa, kikundi cha wauza samaki, likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu). Nazisihi likelemba zisikusanye pesa tu. Mwenzenu asipofika siku ya mchango, mmoja aende kwake siku hiyohiyo.

Na wiki hii, mtembeleeni yule ambaye matanga yake yamekwisha na wageni wameondoka. Mkikuta halali wala hali, msimwachie maneno ya faraja tu. Mfuatane naye hadi kituo cha afya.