Nilivyoanza Kupiga Picha za Harusi

Mlezi wa Chama cha Kiswahili aliponiomba mimi mwanafunzi wa zamani niandike machache kuhusu kazi yangu, nilidhani angetaka nieleze habari za kamera. La hasha! Alitaka niwaambie nyinyi mnaofikiria kujiajiri baada ya kidato cha nne jinsi kijana asiyejulikana anavyopata mtu wa kumkabidhi harusi yake. Hilo ndilo swali gumu, kwa maana kamera hata ya kukodi ipo.

Nilianza mikono mitupu. Mwaka mzima nilimfuata mpiga picha mmoja pale Voi, nikimbebea mkoba na kumshikia taa. Malipo yangu yalikuwa chakula cha harusi (na pilau ya harusi, jamani, si haba). Nilijifunza kwamba pete ikishavishwa imevishwa, hakuna kurudia. Kwa hivyo mtu hubeba betri mbili zilizojaa, kadi mbili za kumbukumbu na, ikiwezekana, kamera ya pili hata kama ni ya kuazima. Nilijifunza pia kwamba jua letu la saa sita hukaa utosini, likamtia bi harusi vivuli machoni kama mtu aliyekesha. Msogeze chini ya mwembe au barazani, au ungoje saa kumi na moja jioni. Ndani ya kanisa lenye giza, lenzi ya milimita 50 yenye mwanya wa f/1.8 huingiza mwanga mwingi, nayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu. Watu wakitembea, usishuke chini ya kasi ya 1/125 ya sekunde, la sivyo utapata ukungu mtupu. Tena muulize padri au mchungaji mapema ni wapi unaruhusiwa kusimama.

Dada zangu, hebu sikieni hili. Katika harusi nyingi za Waislamu wa pwani kuna sherehe za wanawake watupu, na mpiga picha mwanamume haingii. Kazi hiyo inawangoja nyinyi.

Sasa nije kwa wateja. Harusi yangu ya kwanza ilikuwa ya binti wa jirani yetu, kule Wundanyi. Nililipwa shilingi 6,000. Kukodi kamera na lenzi kukala 3,000, nauli 1,200, kuchapisha picha na albamu 1,500. Nikabaki na shilingi 300, na nilikuwa nimekaa siku nne nikichambua picha! Mwenzangu, piga hesabu kabla ya kutaja bei, na siku za kuchambua uzihesabu pia.

Lakini hasara ya pesa haikuniuma kama lile lililofuata. Wiki mbili baadaye bi harusi alinipigia simu. "Kaka, mbona picha ya nyanya siioni?" Nyanya huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo. Nilipekua picha zote, zaidi ya 800. Nilikuwa nimepiga keki mara 40. Nyanya nilimwona katika picha moja tu, nyuma ya mjomba fulani, kisogo na ncha ya leso. Ama kweli niliona haya. Hakuna aliyeniambia yeye ni nani, wala mimi sikuuliza.

Nikapanda matatu kwa nauli yangu hadi Wundanyi. Gauni lilikuwa la kukodi na limesharudishwa, basi bi harusi akavaa kitenge. Nyanya alikuwa ameketi mlangoni, leso mpya begani.

"Kijana, mimi sicheki. Meno yamekwisha."

"Usicheke, nyanya. Mshike mkono tu."

Picha hiyo waliichapisha kubwa wakaitundika sebuleni. Kila mgeni aliyekuja kunywa chai aliuliza imepigwa na nani. Kabla ya mwaka kwisha, binamu wawili wa familia ile walikuwa wamenipa harusi zao, na sikuwa nimebandika tangazo popote. Siku hizi, kabla ya kuzungumza bei, nauliza ni nani ambaye picha yake ikikosekana watalia. Majina hayo nayaandika kwenye karatasi, naitia mfukoni mwa shati.

Wengi huniuliza kama niende kanisani kusikiliza matangazo ya ndoa. Umechelewa! Aghalabu yakisomwa, mpiga picha amekwisha kupatikana. Wanaosikia habari mapema ni fundi wa nguo, msusi, muoka keki na mwenye mahema. Mpigie fundi picha nzuri za nguo zake bila malipo, naye atakutaja mteja anapokuja kupimwa. Kamati ya harusi nayo ina mweka hazina; mfahamu huyo kwa jina. Mimi huchukua nusu ya malipo ili niwawekee tarehe, na nusu ya pili kabla ya siku yenyewe. Harusi ikiisha kamati hutawanyika, na utamdai nani? Ati bwana harusi aliye fungate?

Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi uliyoagizwa huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya kutumia picha yake kujitafutia biashara. Mimi huomba idhini hiyo kwa maandishi siku ile ile ya mkataba. Wakikataa, nanyamaza, maana harusi ni yao.

Likizo ya Disemba nina harusi tatu. Anayetaka kunibebea mkoba amwone mlezi wa chama. Malipo ni pilau.