Brashi Isiyotii
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika chumba cha kompyuta husikika mara kwa mara lalamiko hili: "Brashi imeharibika!" Mwenye kulalamika huifunga programu kwa hasira, na picha aliyoishughulikia kipindi kizima hupotea kwa kuwa hakuihifadhi. Hiyo ni hasara ya bure. Brashi ya kompyuta haina manyoya ya kunyonyoka wala mpini wa kuvunjika. Aghalabu inapokataa kupaka, huwa inatii amri tuliyoitoa mapema tukaisahau. Basi tujifunze kuitafuta amri hiyo.

Mfano wetu ni programu ya GIMP, itolewayo bure kwa kila mtu. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nao ni Spencer Kimball na Peter Mattis.

Kabla ya yote, hifadhi kazi yako katika faili la XCF, maana aina hiyo hutunza matabaka yote ya picha. Kisha fuata hatua hizi, ukiijaribu brashi baada ya kila moja.

Kwanza, eneo lililochaguliwa. Ukichagua sehemu ya picha, brashi hupaka ndani ya sehemu hiyo tu. Mpaka wake ni vistari vitembeavyo kama msafara wa siafu; lakini ukiwa umeikuza picha sana, waweza usiuone kabisa. Bonyeza Ctrl, Shift na A kwa pamoja, nao utaondoka.

Pili, tabaka. Picha ni kama vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Tazama katika orodha ya matabaka ni lipi ulilolishika. Huenda limefichwa, yaani alama yake ya jicho imezimwa. Au limefungwa lisiguswe. Au unapaka tabaka la chini huku la juu likilifunika.

Tatu, mipango ya brashi. Angalia ukubwa wake, na nguvu ya rangi, ambayo hupimwa toka 0 hata 100. Ikiwa 0, hutaona kitu. Angalia pia namna ya kuchanganya rangi. Katika namna ya kuzidisha, rangi nyeupe haibadilishi chochote, kwani nyeupe huhesabiwa kuwa 1, na namba yoyote mara 1 hubaki ile ile. Chini ya mipango hiyo kipo kitufe cha kuirudisha yote ilivyokuwa mwanzo. Lakini kitufe hicho hakiondoi eneo lililochaguliwa wala hakifungui tabaka.

Nne, aina ya picha. Picha ya GIF haichukui zaidi ya rangi 256. Ukichagua rangi isiyokuwamo, brashi hupaka iliyo karibu nayo. Dawa yake ni kuigeuza picha iwe ya RGB.

Mbona tusibadilishe mambo yote kwa mara moja? Kwa sababu brashi itapona, lakini hutajua ilikuwa na ugonjwa gani, na kesho utasumbuka tena. Hata katika maabara tunafundishwa kubadili kitu kimoja na kuacha vingine vilivyo.

Wahenga walisema: Mchagua jembe si mkulima. Kabla hujaomba kompyuta nyingine, ichunguze kwanza hiyo uliyo nayo.