Mganga wa Matombo hamjui mwizi wako

*Shangazi, ninaishi Kihonda, Morogoro. Tulikwenda msibani Turiani tukalala huko. Tuliporudi, runinga ya inchi 32, mtungi wa gesi na laki nne nilizoficha ndani ya mto havipo. Mlango ni mzima, ila wavu wa dirisha la jikoni umechanwa. Dada wa kazi, miaka 17, kwao Nyandira, anasema usiku ule alilala kwa jirani kwa woga. Mume wangu akasema apelekwe kwa mganga Matombo, akatazamwe kwenye kioo. Asubuhi yake binti kaondoka bila kuaga. Si keshajionyesha? Mshahara wake nimeuzuia. Polisi naogopa kwenda bila ushahidi.*
*Mama wa Kihonda*

Mwanangu, pole kwa msiba, na pole kwa hasara.

Binti wa miaka 17 anawasikia watu wazima wakipanga kumpeleka kwa mganga. Kama angebaki, ndiyo ningeshangaa. Kukimbia kwake kunaonyesha woga tu. Na huyo mganga mwacheni. Wapiga ramli chonganishi serikali iliwapiga marufuku mwaka 2015, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, na hakuna hakimu atakayepokea kilichoonekana kwenye kioo. Isitoshe, Nyandira ni kwa Waluguru, nao hufuata ukoo wa mama. Ukimwita binti mwizi bila hakika, jiandae kupokea ugeni wa wajomba.

Turudi kwenye dirisha. Hujaniambia kama lina nondo. Kama zipo na hazijapindwa, runinga ya inchi 32 haikupita hapo, wala mtungi. Vilitoka mlangoni, na wavu ulichanwa kukupoteza maboya. Basi swali ni funguo: ziko ngapi, na nani aliwahi kukaa nazo? Fundi? Mpangaji wa zamani? Shemeji? Nami nisije nikawa mpiga ramli mwingine, kwa hiyo swali hilo mwachie mpelelezi. Wavu usiushone. Nyuzi zilizopinda kwenda ndani na zilizopinda kwenda nje hazisemi jambo moja, na aliyesomea kazi hiyo azikute zilivyo.

Polisi huendi na ushahidi, unakwenda na taarifa. Kuukusanya ni kazi yao. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa, kisha nenda kituoni leo, usingoje barua yake. Sema ulichokiona: mliondoka lini, mlirudi lini, kimepotea nini, nyumbani aliachwa nani, alisema alilala wapi. Usiseme "binti kaniibia", maana hukumwona, na kumpa askari taarifa unayojua si ya kweli ni kosa la jinai. Huyo jirani naye mtaje, ahojiwe. Chukua namba ya RB. Haiuzwi, ukidaiwa "hela ya mafuta", TAKUKURU wanapokea simu kwa 113. Wakihitaji kumhoji binti, waambie umri wake mapema. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 huyo bado ni mtoto, na ahojiwe akiwa na mzazi au mlezi.

Sasa nikwambie kitu ambacho wengi hawakijui: mara nyingi kesi ya wizi wa nyumbani hushikiliwa na kitu kilichoibiwa. Katika rufaa ya jinai namba 94 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo manne ya kuthibitishwa: mali ikutwe kwa mtuhumiwa, itambuliwe bila shaka kuwa ni ya mlalamikaji, iwe imeibiwa karibuni, na iwe ndiyo iliyotajwa kwenye mashtaka. Hilo la pili ndilo linalowaangusha watu. "Ni yangu, naijua" haitoshi. Tafuta boksi la runinga au risiti. Serial namba iko hapo, na nyuma ya runinga yenyewe. Mpe askari hiyo namba kabla runinga haijafika kwa fundi. Mtungi una alama? Kama mwanao aliuchora kwa msumari, sema alichora nini na upande gani. Hizo laki nne, mwanangu, hazina jina.

Mshahara mtumie wiki hii. Kazi alishafanya, na wizi haujathibitishwa. Ukimpigia, muulize kwanza kama alifika salama.