Jinsi Kamera Inavyoitafuta Fokasi

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma somo la mwanga anafahamu kwamba lenzi mbinuko huweza kutupa taswira ya kitu juu ya kiwambo, mradi kiwambo hicho kiwekwe mahali panapostahili. Kikisogezwa mbele au nyuma kidogo, taswira hupoteza ukali wake. Kamera hufuata kanuni iyo hiyo. Katika makala haya tutaeleza jinsi kamera ya dijitali yenye kioo, yaani ile ijulikanayo kwa herufi DSLR, inavyoitafuta fokasi yenyewe, na kwa nini mpigapicha hana budi kuichagulia njia ya kuitafuta. Jambo hili si dogo kwa shule. Picha ya jaribio, ya mdudu au ya jani lenye ugonjwa ni ushahidi wa kisayansi, na habari iliyopotea kwa kukosa fokasi hairudi baadaye.

Lenzi husogezwa kiasi gani?

Tuchukue lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 50, na kanuni tuijuayo:

1/f = 1/u + 1/v

Hapa u ni umbali wa kitu, na v ni umbali wa taswira kutoka kwenye lenzi. Kitu kikiwa mbali sana, taswira hutokea milimita 50 nyuma ya lenzi. Kikiwa umbali wa mita 2, v huwa milimita 51.3, na kikiwa umbali wa mita 1, v huwa milimita 52.6. Maana yake ni kwamba kitu kikisogea mita nzima, kutoka mita 2 hadi mita 1, lenzi yahitaji kusogezwa milimita 1.3 tu. Kazi hiyo hufanywa na mota ndogo. Wazo lenyewe si geni: Konica C35 AF, iliyotolewa mwaka 1977, ndiyo kamera ya kwanza yenye kujitafutia fokasi kuuzwa kwa wingi, na mwaka 1985 Minolta 7000 iliiweka mota ndani ya kiwiliwili cha kamera yenye kioo.

Kamera hujuaje?

Kioo kikuu cha kamera huakisi sehemu kubwa ya mwanga kwenda juu, kwenye jicho la mpigapicha. Sehemu ndogo hupenya, ikaakisiwa na kioo cha pili kwenda chini, ambako kuna safu za vihisio. Huko mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi hufanya taswira yake, na ule uliopita upande wa pili hufanya yake. Fokasi ikiwa sahihi, taswira hizo mbili huachana kwa umbali maalumu. Fokasi ikiangukia mbele ya mahali pake, hukaribiana. Ikiangukia nyuma, huachana zaidi. Kwa kipimo kimoja, basi, kamera hupata habari mbili: lenzi isogezwe upande gani, na kwa kiasi gani.

Mpigapicha akitazama kwa kutumia kiwambo cha nyuma, kioo huinuliwa na njia hiyo haitumiki. Kamera nyingi za aina hii hapo hupapasa: huisogeza lenzi huku na huko mpaka tofauti kati ya weusi na weupe katika taswira ifikie kilele. Njia hii huwa sahihi, lakini ni ya polepole.

Kuchagua njia

Njia ya kwanza ni fokasi tuli, ambayo Nikon huiandika AF-S na Canon huiandika ONE SHOT. Kitufe kikibonyezwa nusu, kamera hupata fokasi na kuifunga. Hii yafaa kwa kitu kisichosogea, kama vile vifaa vya maabara mezani.

Njia ya pili ni fokasi endelevu, yaani AF-C au AI SERVO. Kamera huendelea kupima wakati wote kitufe kikiwa kimebonyezwa nusu, na hukadiria mahali kitu kitakapokuwa picha itakapopigwa. Fikiria mkimbiaji wa UMISSETA anayekuja kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde. Ikipita sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, atakuwa amekwisha sogea sentimita 80. Fokasi iliyofungwa ingemwacha.

Njia ya tatu, AF-A au AI FOCUS, huiachia kamera uamuzi. Lakini kamera haijui nia ya mpigapicha. Tawi linalotikiswa na upepo laweza kuipotosha.

Lipo pia suala la nukta za fokasi. Kamera ikiachiwa kuchagua nukta, mara nyingi hushika kitu kilicho karibu zaidi. Nyuki aliye nyuma ya majani hufifia, na majani yakatoka wazi. Ni afadhali kuchagua nukta moja na kuiweka juu ya kitu kinachotakiwa.

Mipaka ya chombo

Kamera hulinganisha taswira mbili; pasipo tofauti ya mwanga hakuna cha kulinganisha. Ndiyo maana ukuta mweupe mtupu au giza huishinda. Tena, safu moja ya vihisio huona vema mistari inayoikata tu, wala si ile iliyo sambamba nayo. Nukta za msalaba, zenye safu mbili zinazokatana, huondoa kasoro hiyo. Canon EOS 1300D, kwa mfano, ina nukta 9, lakini ya katikati tu ndiyo ya msalaba.

Zoezi

Chora mistari myeusi ya mlalo kwenye karatasi nyeupe na uibandike ukutani. Chagua nukta ya pembeni, tazama kwa kupitia tundu la jicho, kisha utafute fokasi. Igeuze kamera nyuzi 90 na urudie, ukihakikisha kwamba nukta iko juu ya mistari. Je, ni mkao upi unaoisumbua kamera? Eleza sababu kwa kutumia mchoro.