Nyambizi B11

Katika miaka ya kwanza ya karne ya ishirini nyambizi za Waingereza, yaani manowari ziendazo chini ya maji, zilikuwa vyombo vidogo, na kazi yake ilikuwa kulinda bandari na pwani. Wakubwa wengi wa manowari hawakuziamini kwa jambo kubwa zaidi. Mojawapo iliitwa B11. Haikupewa jina kama manowari nyingine, bali herufi na tarakimu tu, kama gunia litiwalo alama ghalani. Iliundwa na kampuni ya Vickers katika mji wa Barrow, ikashushwa majini mwaka 1906. Urefu wake ulikuwa futi 142 hivi, na wanamaji wake walikuwa 15, wakubwa wawili pamoja nao.

Ilipokuwa juu ya maji iliendeshwa na injini ya petroli. Lakini petroli haiwaki pasipo hewa; kwa hiyo ilipozama injini ilizimwa, ikaendeshwa kwa nguvu za umeme uliowekwa katika betri. Betri zikiisha nguvu, chombo hakina budi kuibuka; na kuibuka mbele ya adui ni kujitoa kwake.

Mwezi wa Novemba 1914 Uingereza na Uturuki ziliingia vitani. Kati ya bahari ya Aegean na bahari ya Marmara uko mlango mwembamba wa bahari uitwao Dardanelles, na apitaye hapo aweza kuufikia mji wa Istanbul. Waturuki waliulinda kwa mizinga pande zote mbili, na kwa taa kubwa za kumulika usiku. Tena walitega mabomu majini. Mabomu hayo yalikuwa matufe ya chuma yaliyojaa baruti kali, kila moja limefungwa kwa waya kwenye nanga, likielea chini kidogo ya uso wa maji. Manowari ikigusa tufe, hulipuka. Nyambizi yaweza kupita chini ya matufe, lakini lazima ipite katikati ya nyaya zake. Na waya ukinasa penye chombo, huvuta bomu likaja lenyewe.

Nyambizi chache za Kiingereza na za Kifaransa zilikuwa zikingoja nje ya mlango huo. Ikachaguliwa B11 kwa sababu betri zake zilikuwa mpya. Nahodha wake alikuwa Luteni Norman Holbrook, kijana wa miaka 26. Vyuma vilifungwa sehemu za nje zilizochomoza, ili nyaya ziteleze zisinase.

Alfajiri ya tarehe 13 Desemba 1914 B11 ikaingia mlangoni, ikazama. Tangu hapo shida ya kwanza haikuwa Waturuki, bali maji yenyewe. Maji ya juu ya Dardanelles hutoka bahari ya Marmara, nayo hayana chumvi nyingi. Hupita kwa nguvu kama mto kuelekea Aegean. Chini yake yako maji mazito yenye chumvi nyingi, nayo huenda upande mwingine. Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili kwa yai bichi: likitiwa katika maji matamu huzama, bali maji yakikolezwa chumvi sana huelea. Ndivyo ilivyokuwa kwa B11. Ilipotoka katika maji mepesi na kuingia mazito ilitaka kupanda yenyewe, na iliporudi katika mepesi ilitaka kuzama. Wenye kushika usukani hawakupumzika hata kidogo. Nayo haikuweza kwenda mbio, maana mbio humaliza betri.

Basi ikapita chini ya safu tano za mabomu. Kisha Holbrook akainua periskopu, ndiyo bomba refu lenye vioo la kutazamia juu ya maji, akaona manowari kubwa ya Kituruki imetia nanga, inalinda mabomu yale. Jina lake Mesudiye. Ilikuwa manowari ya zamani sana, nayo, ajabu, iliundwa London, ikashushwa majini mwaka 1874. Karibu na saa sita mchana Holbrook akaipiga kwa topedo, kombora liendalo chini ya maji. Mesudiye ikajibu kwa mizinga, lakini haikupita muda wa dakika 10 ikapinduka. Watu 37 walikufa. Wengine walinaswa ndani, na wenzao wakatoboa chuma cha tumbo lake lililokuwa juu, wakawatoa hai.

Sasa ilibaki kurudi, na hapo ndipo hatari ilipokuwa kubwa zaidi. Dira ya B11 iliwekwa nje, mbali na chuma cha ndani kipotezacho sindano, nayo ilitazamwa kwa vioo. Vioo vikaingia ukungu, dira isionekane. Chombo kikagonga chini mahali penye kina kifupi, huku mizinga ya pwani ikipiga. Holbrook hakujua alikoelekea. Akatazama kwa periskopu mpaka akauona upeo wa bahari iliyo wazi, akageuza chombo kuufuata, akapita tena chini ya mabomu. Ilipoibuka nje ya mlango B11 ilikuwa imekaa chini ya maji saa tisa, na hewa ya ndani ilikuwa mbaya sana.

Holbrook alipewa nishani ya Victoria Cross, wa kwanza kuipata miongoni mwa wanamaji wa nyambizi, na kila mtu wa B11 alipewa nishani yake. Mwaka 1915 mji mmoja wa Australia ulioitwa Germanton ukaacha jina hilo, ukaitwa Holbrook. Mji huo uko bara, mbali na pwani, hata hivyo mfano wa B11 umewekwa humo.

B11 yenyewe haikupata heshima kama hiyo. Ilihamia bahari ya Adriatic, na mwaka 1917 ikageuzwa kuwa chombo cha doria cha juu ya maji tu. Vita vilipokwisha iliuzwa huko Italia, mwaka 1919, kwa thamani ya chuma chake.