Mishipa ya fahamu inatoka wapi?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, mara nyingi mtu anafika dispanseri na kusema: «Nitazame mguu, unawaka moto tangu matakoni mpaka kidoleni.» Mimi ninaanza kupima mgongo wake. Anashangaa, pengine anakasirika. Lakini mshipa unaouma mguuni umezaliwa mgongoni.

Ubongo umefungwa ndani ya fuvu la kichwa. Chini yake inatoka kamba laini, nene kama kidole kidogo, inayoshuka katika tundu la mifupa ya mgongo. Kwa mtu mzima ina urefu wa sentimeta 45 hivi, nayo inakoma juu kidogo ya kiuno.

Mishipa ya kichwa ni jozi 12. Ule wa kunusa na ule wa kuona umeungana na ubongo wa juu. Karibu yote mengine inatoka kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapokutana na kamba. Inafanya kazi ya uso, ulimi, masikio na koo. Mmoja unasafiri mbali, mpaka moyoni na tumboni.

Mishipa ya mgongo ni jozi 31: 8 ya shingo, 12 ya kifua, 5 ya kiuno, 5 ya nyonga na 1 ya mwisho. Kila mmoja una mizizi miwili. Wa nyuma unapeleka habari: moto, baridi, maumivu. Wa mbele unaleta amri: inua, kanyaga, shika. Mishipa ya mikono inatoka shingoni na juu ya kifua. Ya miguu inatoka chini. Ule wa kuvuta pumzi, ajabu, unatoka shingoni!

Sasa fikiri: jiwe limemwangukia mwenzako mgongoni. Mfupa umevunjika, lakini kamba bado nzima. Ninyi mnamshika mikono na miguu, mnambeba mbio. Mgongo unapinda, mfupa unakata kamba. Alikuwa na miguu, sasa hana. Kamba ikikatwa haishoneki tena.

Kwa hiyo usimwinue wala kumkalisha. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kisimame sawa na mwili. Muulize: «Unasikia nikikugusa mguu? Chezesha vidole.» Tuma mtu aite waganga, na majibu hayo uwaambie wakifika. Kama moto unakuja au mawe yanaendelea kuanguka, hapo hakuna kungoja: mwondoeni watu wengi pamoja, kichwa, mgongo na miguu katika mstari mmoja, mwenye kushika kichwa ndiye atoe amri.

Mama, mtoto akianguka kutoka mwembeni na kulia shingo au mgongo, ni vilevile. Usimfunge mgongoni, wala usimpandishe kwenye kinga. Mwache alale pale pale, shika kichwa chake, tuma jirani dispanseri.